Msufi Uliovuliwa

Katika nchi ya Kijanidaima ilikuwa haramu jani kuonekana likianguka. Nasema haramu, wala sitanii! Kipupwe kilipoingia na misufi kuanza kupukutika, kila nyumba ilipanda matawini na matita ya vitambaa vilivyotiwa rangi ya kijani, ikavifunga kimoja kimoja hadi mti ulio uchi uonekane umevaa. Maua yaliyothubutu kuchomoza na matunda yaliyothubutu kuning'inia yaliangushwa yangali mabichi, kwa kuwa yaliliaibisha umbo la mti. Kazi hiyo iliwachukua majuma matatu, ikawavunja migongo. Kisha watu wazima, wenye akili zao timamu, walishikana mikono na kupongezana kwa kuidanganya miti. Loo!

Sheria iliyoihusu miti iliwahusu na wanadamu. Mfiwa alipewa siku saba za kulia. Ya nane alivaa kijani, akaenda sokoni, akacheka mbele ya mashahidi wawili. Aliyeshindwa, au aliyeonekana na chozi baada ya hapo, alihesabiwa kuwa mti mfu, akavushwa mpaka kwenda jangwa la Usahaulifu, na jina lake halikutajwa tena. Mlinzi wa sheria hiyo alikuwa Waziri Kifuniko, bwana mwenye ndevu zilizochanwa vizuri na moyo uliofungwa vizuri zaidi.

Basi katika mji mkuu, Usokunjufu, aliishi mfinyanzi mmoja, Bi Zinduko. Mumewe, Hodari, mchimba visima, alifukiwa na udongo wakati wa masika. Siku ya nane mjane alicheka sokoni, akacheka kwa hofu, kisha akarudi nyumbani akajifungia. Kipupwe kilipofika hakuwa na nguvu za kupanda juu kufunga vitambaa. Msufi wake ukapukutika mpaka jani la mwisho, ukasimama uchi mbele ya macho yake, nao ulikuwa mti wa pekee nchini ulioachwa hivyo. Kila asubuhi aliutazama kupitia dirisha, akajiona yeye.

Asubuhi moja akaona kitu. Akapangusa macho, akatazama tena, akatoka mbio bila viatu hadi barabarani.

"Jamani, njooni! Unachanua!" alipaza sauti, machozi yakimtiririka. "Hauna hata jani moja, na unachanua!"

Wapita njia wakaharakisha hatua. Walinzi wa Waziri nao waliisikia furaha ile, wakayaona machozi, wakamshitaki kwa makosa mawili: kulia nje ya muda, na kuweka mti uchi. Kesi ikapangwa msimu wa demani, wakati pepo zinapoanza kubadilika, tena palepale uani kwake, kwa maana sharti baraza likae mbele ya kosa.

Siku ilipofika watu walijaa hadi juu ya kuta. Kiti kilikaliwa na Kadhi Tabasamu, ambaye hakuna aliyewahi kumwona bila ya lile tabasamu lake.

"Mheshimiwa Kadhi," akaanza Waziri Kifuniko, "mti huu ni maiti, na mwenyewe hakani kwamba analia hadi leo. Naomba shoka lifanye kazi yake, na mwanamke huyu avushwe mpaka kabla ya adhuhuri."

"Bi Zinduko, una la kusema?"

"Ninalo, Mheshimiwa. Jana nililia, na leo alfajiri nimelia. Na nilipomaliza kulia nilifinyanga mitungi mitatu! Miezi mizima sikuweza kuugusa udongo, kwa sababu ndio uliomfunika mume wangu. Aliyeninyanyua ni mti huu. Ulipopukutika niliuambia tumekwisha, mimi na wewe. Kumbe! Majani yalipoondoka jua lilifika kwenye matawi yaliyokuwa kivulini, maua yakatoka, nyuki wakaja kwa maelfu, na sasa tazama matunda yale yalivyokauka. Yako karibu kupasuka. Naomba siku tatu tu."

"Yakipasuka yatatoa nini?"

"Sijui, Mheshimiwa. Nani anajua katika nchi hii? Tumeyaangusha mabichi tangu enzi za mababu."

Umati ukaguna. Waziri akacheka kwa kebehi. "Siku tatu za kungoja maiti afufuke! Kateni!"

Amri hiyo ilitoka kabla Kadhi hajahukumu. Mkataji akainua shoka, akalishusha kwa nguvu zake zote. Shina likatetemeka kutoka mzizi hadi kilele, na upepo wa demani ukavuma wakati uleule. Matunda yakapasuka! Pa! Pa! Pa! Sufi ikamwagika, nyeupe, nyepesi, laini, ikajaa hewani na kufunika vilemba, mabega na ardhi. Watoto wakairukia, wazee wakaikinga kwa viganja, mama mmoja akamlaza mtoto wake mchanga juu yake, na mtoto akasinzia papo hapo. Watu walipiga kelele za furaha bila kujua wanachokifurahia.

"Uchafu! Zoeni!" alifoka Waziri, ndevu zimejaa nyuzi, na hakuna aliyemsikia.

Kadhi Tabasamu aliokota konzi moja ya sufi, akaifinya, akaiachia, ikafumuka tena. Tabasamu likafutika usoni mwake.

"Binti yangu Nuru alifariki miaka sita iliyopita," alisema. "Siku ya nane nilicheka sokoni, nyote mlinisikia. Bi Zinduko, wewe ilikuchukua muda gani kumaliza kulia?"

"Bado inanichukua, Mheshimiwa. Lakini nafinyanga."

"Shoka liwekwe chini," akasema Kadhi. "Mwanamke huyu hana kosa, wala mti wake." Kisha akaketi chini kwenye sufi, akalia kwa sauti mbele ya watu wote. Bi Zinduko akakaa kando yake. Na watu wakaanza kukimbia, kila mmoja kwenye mti wake, kwenda kuuvua vitambaa; vigelegele na vilio vikapanda pamoja kutoka nyua zote za mji, na hakuna shahidi aliyehitajika.