Gari Ambalo Mkurugenzi Hakuliona

Mkunga alikuwa kwenye kiti cha dereva, akikanyaga breki na kuiachia, huku shemeji yake, fundi umeme wa magari, amechuchumaa nyuma ya buti.

"Kanyaga tena, shemeji."

Alikanyaga.

"Imewaka?" aliuliza.

"Imewaka. Ila ukitaka kuiona lazima uwe unajua iko wapi."

Gari liliwazidi umri wote wawili. Lilikuwa la bluu iliyokoza, na taa zake za nyuma zilikuwa ndogo kama vifungo vya koti. Mume wa mkunga alilinunua likiwa limekufa, akalifufua, na kila wikendi alilisugua mpaka ungeweza kunyolea ndevu mlangoni pake. Alifia humo humo. Mkurugenzi wa ofisi ya taa za barabarani alimgonga kwa nyuma, giza likiwa limeshaingia, kwenye barabara yenye nguzo nzuri za taa ambazo hazikuwahi kuwaka hata moja. Katika maelezo yake polisi, Mkurugenzi alisema hakuliona gari. Trafiki aliyaona maelezo hayo yamejitosheleza. Mkurugenzi alifika hadi mazikoni, akazungumza kwa hisia juu ya umuhimu wa mwanga katika maisha.

Mkunga hakuwa na gari jingine, na watoto wa upande ule walikuwa na tabia ya kuzaliwa usiku. Kwa hiyo shemeji yake alifunga balbu kubwa zaidi. Akaongeza taa mbili alizozitoa kwenye lori bovu. Akabandika stika za kung'aa, nyekundu na njano, bampa nzima. Gari likawa kama limetoka harusini likapotea njia, lakini madereva waliendelea kulifikia ghafla na kulikwepa kwa matusi.

Jioni moja mkunga alitoka uani kuanua nguo, akamkuta mume wake amepiga magoti nyuma ya gari. Alikuwa amevaa suti aliyozikwa nayo, mikono ameikunja, na tambara mkononi.

"Nani kabandika takataka hizi?"

"Mdogo wako."

"Nilijua."

Mkunga alimletea ndoo ya maji. Alimuuliza kama atakula, akajibu kwamba siku hizi hali. Akabandua stika moja moja kwa ukucha, kisha akaanza kusugua. Kila tambara lilipopita, bati lilitoa mwanga, mweupe na mtulivu kama maziwa. Mkunga alikaa kwenye ngazi akikunja nguo. Alikuwa amemkumbuka sana, lakini aliona si vizuri kumkatiza mtu akiwa kazini.

Kazi ilipokwisha, gari zima lilikuwa likiwaka. Fundi alilizunguka, akagusa nyaya, akakuta betri haijaunganishwa.

"Kaka kanidharau," alisema, akakusanya vifaa vyake.

Tangu hapo hakuna aliyelalamika kwamba halionekani. Madereva walipunguza mwendo toka mbali na kupisha kwa adabu ambayo wake zao hawakuwahi kuiona. Mkunga alipoegesha nje ya nyumba ya mzazi, majirani walitoa cherehani zao nje na kushona. Ofisi ya taa za barabarani nayo ilitoa taarifa ya kujipongeza: barabara hiyo sasa ina mwanga. Kwa kuwa nguzo hazikuhitajika tena, ziling'olewa. Zilikopelekwa hakukujulikana, ila nyumba ya Mkurugenzi ilipata uzio imara wa vyuma.

Mume alianza kumsindikiza mkunga kazini, maana kubaki nyumbani peke yake kulimchosha. Siku moja walikuwa wakitoka kuzalisha mapacha, wamesimama njia panda kumpisha mwendesha baiskeli, Mkurugenzi akawaingia kwa nyuma.

Kituoni walimkuta trafiki yule yule. Balbu ya kituo ilikuwa imeungua, kwa hiyo aliandika maelezo kwa mwanga wa gari ulioingia dirishani.

"Sikuliona," Mkurugenzi alisema.

"Lilikuwa linawaka," mkunga alisema. "Hata sasa linawaka."

"Ndiyo maana, mama. Niliona mwanga mtupu. Gari lenyewe sikuliona."

Trafiki aliandika hayo kwa uangalifu. Mume wa mkunga alisogea mbele, akasema yeye ni shahidi, tena wa mara zote mbili. Trafiki alimtazama akamtambua.

"Pole na msiba, mzee," alimwambia. "Lakini marehemu hatumwandikii maelezo."

Kisha akatoa uamuzi. Gari lile linaumiza macho ya watumiaji wengine wa barabara, hivyo lisionekane nje jua likishatua.

"Na wanaojifungua usiku?" mkunga aliuliza.

Trafiki alilifikiria jambo hilo kwa haki kabisa.

"Waelimishwe," alisema.

Nje, Mkurugenzi alikuwa akilizunguka gari lake. Taa za mbele zilikuwa zimepasuka zote, na barabara, bila nguzo wala balbu, ilikuwa nyeusi tii. Alimfuata mkunga akiwa amevua kofia.

"Mama, nakuomba unitangulie mpaka kwangu. Taa zangu zimevunjikia kwako, unajua."

Mkunga aliingia garini akafunga mlango. Aliweka mikono kwenye usukani. Alitamani kumwacha pale pale mpaka kuche, na alimwambia mumewe hivyo.

"Hatakaa mpaka kuche," mumewe alisema. "Ataondoka hivyo hivyo, amgonge mwingine."

Mkunga alijua ni kweli. Aliwasha gari, akatoka polepole getini. Barabara ikafunguka nyeupe mbele yao, kila shimo likionekana, na watu waliokuwa wakitembea gizani wakasogea pembeni na kuwapungia mkono.

Nyuma yao, karibu mno, Mkurugenzi alipiga honi waongeze mwendo.