Gaudensi Aandika Wosia Akiwa Mzima

Gaudensi alikuwa na miaka thelathini na saba, meno yote kinywani, na nguvu za kubeba gunia la mahindi begani huku akijibu salamu za wapita njia. Mashine yake ya kusaga iko hapa Kizwite, mjini Sumbawanga, imepakana na kibanda changu cha ushonaji, na kwa miaka tisa nimeshona nguo zenye harufu ya unga wake. Kwa hiyo Jumatano moja ya mwezi wa sita, alipofunga mashine saa nne asubuhi akaja kwangu amevaa shati lililopigwa pasi, nilidhani anataka kushonewa suti.

"Dada Silvana," alisema, "nataka unishuhudie kwenye wosia wangu."

Nilijichoma sindano.

"Unaumwa?"

"Siumwi."

"Umeota vibaya?"

"Naandika tu, dada. Wakili amesema nitafute mashahidi, wa ukoo na mtu baki. Wewe ni mtu baki, hurithi chochote kwangu."

Ile "hurithi chochote" ilinikaa vibaya kidogo, lakini nilikubali.

Sababu yake ilikuwa Abeli, rafiki yake, muuza mbao, aliyefariki mwezi wa tatu kwa ajali ya pikipiki kwenye barabara ya Laela. Alikuwa na miaka arobaini na hakuacha hata mstari mmoja wa maandishi. Sasa mlango wa duka lake una kufuli tatu: moja ya mjane wake Justa, moja ya kaka yake, moja ya mdogo wake. Kati yao hakuna mwizi. Kila mmoja anaapa kwamba marehemu alimwahidi yeye, na huenda ni kweli aliwaahidi wote watatu, maana Abeli alikuwa mtu asiyeweza kumkatalia mtu. Mbao zinaliwa na mchwa humo ndani. Gaudensi alikuwa anapita pale kila siku. Siku moja alisimama, akazitazama zile kufuli, kisha akaenda moja kwa moja kwa wakili.

Kama ningeyasimulia hayo yote kama alivyoniambia, mambo yasingeharibika. Lakini mimi nilimwambia mtu mmoja tu, Epifania wa kwaya, na kwa kuwa alikuwa na haraka, nilifupisha. Nilisema, "Gaudensi anaandika wosia."

Kufikia Jumamosi Gaudensi alikuwa na ini bovu. Jumapili, baada ya misa ya kwanza, zilikuwa figo. Wanawake waliokuja kusaga walimsemesha kwa sauti ya wodini na kumkataza kunyanyua hata debe. Mmoja alimletea samaki wakavu, migebuka wa ziwani kutoka Kipili, wanono kweli, akamwambia ale wakati bado anasikia ladha. Gaudensi akala. Mzee mmoja alimuuliza kwa upole kama mashine ataiuza mwenyewe au wataiuza watakaobaki. Jumatatu asubuhi wanakwaya walifika uani kwake, wakajipanga kwa sauti, wakaimba nyimbo mbili za faraja. Yeye akasimama mlangoni kwa adabu mpaka mwisho, akawapigia makofi.

Mkewe, Edith, hakuamini ini wala figo, kwa sababu ndiye anayempikia. Alikuwa na wazo lake mwenyewe. Mchana wa Jumatatu hiyo hiyo, nilipokuwa nimempelekea sketi ya shule ya binti yao Sharon, aliweka ugali wa ulezi mbele ya mumewe, akabaki amesimama.

"Ni nani?" akauliza.

"Nani nani? Daktari?"

"Mwanamke. Mtu mwenye afya haandiki wosia hivi hivi. Kuna mtoto nje anatafutiwa fungu."

Gaudensi alinitazama. Mimi nikaitazama sketi.

"Mama Sharon, wa kwanza kwenye hiyo karatasi ni wewe. Nimekuandikia nyumba."

"Nyumba si ni yangu tayari?"

"Hati ina jina la nani?"

Hati ilikuwa na jina la Gaudensi peke yake, wakati Edith ndiye aliyebeba matofali ya ile nyumba kichwani akiwa na mimba ya Calvin, mtoto wao wa pili.

"Karani aliuliza jina, nikataja langu," Gaudensi alisema, na sauti yake ilianza kupungua. "Hakuuliza la pili."

"Na wewe hukumwambia."

"Sikumwambia."

Edith alivuta kigoda akaketi. "Kula," alisema. "Ukimaliza uniandike vizuri. Edith. Mwishoni kuna h, huwa unaisahau."

Jumanne ikawa zamu ya Kaoze. Huko bondeni ndiko alikoishi baba mkubwa wa Gaudensi, mzee Adriano, kaka wa marehemu baba yake, wakati huo akiwa na miaka sabini na nane. Mtu fulani, ambaye mpaka leo hajajulikana na ambaye si mimi, alimpigia simu kumwambia awahi, kijana anagawa mali. Mzee alipanda basi kutoka bondeni kwenye joto, akateremka Sumbawanga kwenye upepo wa Juni amevaa makoti mawili, jogoo kwapani na machozi tayari machoni. Gaudensi alikuwa juu ya paa la mashine akipigilia bati lililolegea.

"Shuka!" mzee alipiga kelele. "Shuka, wewe mgonjwa!"

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Shuka!"

Alishuka. Mzee akampapasa mikono, akamkagua macho kama anayenunua ng'ombe, na alipoona hana kasoro, huzuni yake yote ikageuka hasira.

"Kuandika wosia ni kuita kifo kwa jina," alisema tulipokwisha kuketi na Edith ndani ya nyumba yao, nyuma ya mashine. "Sisi hatukuandika. Mbona tuko hai?"

"Abeli naye hakuandika, baba, na kilimjia."

"Kilimjia kwa sababu ya pikipiki."

"Basi mimi nitatembea kwa miguu, na wosia mfukoni."

Nilicheka peke yangu. Ili kumtuliza mzee, Gaudensi alitoa rasimu yake aisome, waone kwamba hakuna siri. Mimi nilibaki kwa kuwa ni shahidi, ingawa hata nisingekuwa shahidi ningebaki. Alisoma polepole: nyumba ya Edith, mashine ya Edith, ng'ombe wanne wa watoto. "Na shamba langu la Kaoze, ekari tano kando ya kijito, ni la Sharon na Calvin, sawa kwa sawa."

"Rudia hapo," alisema mzee Adriano.

Akarudia.

"Shamba lipi?"

"La baba. Lenye michungwa."

"Lile si la baba yako," mzee alisema. "Ni langu."

Gaudensi aliikunja karatasi. Alikuwa amelilima shamba lile miaka kumi na moja. Ile michungwa thelathini aliipanda yeye, na kila kiangazi alishuka bondeni kuimwagilia kwa ndoo.

"Nilimwazima baba yako," mzee aliendelea, sasa bila hasira. "Alirudi kutoka Mpanda na mama yako, hana pa kulima. Nikamwambia alime pale mpaka ajipange. Akafa kabla ya kujipanga, wewe ukaendelea."

"Mbona hukuniambia?"

"Hukuuliza. Nawe ni mwanangu, ningekwambia nini, utoke? Lakini kulima ni kulima. Kulirithisha kwenye karatasi ni neno jingine. Loth anajua ni lake."

Loth ni mwanawe wa kwanza, anayenunua samaki Kipili.

Gaudensi aliinuka akatoka. Muda si muda tukasikia mashine ikiwaka na kuunguruma tupu, bila hata punje ya mahindi. Nimemjua muda mrefu, na sikuwahi kumsikia akichoma dizeli bure.

Edith alimgeukia mzee. "Mzee, nani mwingine aliyeshuhudia shamba lile likiazimwa?"

"Mke wangu anajua," alisema, kisha akakumbuka kaburi la mkewe. "Jirani yangu Mboje." Huyo naye alizikwa mwaka juzi. "Mwenyekiti wa wakati ule..." Aliendelea kutafuta, midomo ikitaja majina bila sauti, na kila jina lilikuwa la mtu aliyekwisha kuombewa misa. Mwisho akavua koti moja, ingawa hakukuwa na joto.

"Mimi," alisema.

"Peke yako?"

"Peke yangu."

"Sasa Calvin wangu na Loth wako wangekuja kuujua ukweli wapi?"

"Mahakamani," nilijibu mimi, ambaye sikuulizwa.

Edith alikwenda akazima mashine, akamrudisha mumewe ndani kwa kumshika mkono wa shati. Sikusikia alichomwambia njiani. Ila Gaudensi aliketi chini mkekani karibu na miguu ya mzee, akasema, "Nisamehe, baba. Nilidhani." Mzee akasema, "Na mimi nilinyamaza." Hapo nilijifanya kuangalia jogoo, kwa kuwa machoni kwangu kulikuwa kumeingia unga.

Ijumaa tulishuka Kaoze wote. Nilifunga kibanda. Loth alifika kutoka Kipili na uso wa mtu aliyejiandaa kwa vita, akamkuta baba yake ameshika mzigo wa vipande vya minyaa. Mzee alitangulia na fimbo yake, mwenyekiti wa kitongoji nyuma yake na daftari.

"Kutoka kijito mpaka njia hii, ni la Loth," alisema. "Huku juu kwenye michungwa ni la Gaudensi. Namgawia mimi mwenyewe, nikiwa mzima na akili zangu. Andika."

"Baba, na michungwa yote?" Loth aliuliza.

"Uliipanda wewe?"

Loth alitazama michungwa, akatazama mikono yake, akaenda kuchukua jembe. Yeye na Gaudensi walipanda minyaa ya mpaka wakianzia ncha mbili, na walipokutana katikati walikuwa wanaongea bei ya dagaa. Kurudi, ndani ya basi, Edith alimgonga mumewe bega. "Wewe ndiye mtu wa kwanza Kizwite kuandika wosia akapungukiwa mali." Gaudensi alicheka, lakini si sana. Nusu ya shamba ni nusu ya shamba.

Wiki iliyofuata tulitia saini ofisini kwa wakili. Mzee Adriano ndiye alikuwa shahidi wa ukoo. Aliandika jina lake kwa mwandiko wa shule ya misheni, herufi moja moja, akipumua kwa nguvu, mpaka wakili aliyekuwa amesimama akaamua kuketi tena. Alipomaliza hakurudisha kalamu.

"Na mzee anaruhusiwa kuandika wake?" aliuliza.

"Anaruhusiwa, mzee, ingawa ni vizuri kuja mapema."

"Mapema nilikuwa na kazi. Andika."

Ilichukua mpaka alasiri. Kila alipodhani amemaliza alikumbuka chungu au mzinga mwingine wa nyuki, na alibadili mara tatu mtu wa kupewa baiskeli, akitupa sababu za kila mabadiliko, nyingine za aibu kabisa.

Alifariki Februari iliyofuata, mchana, baada ya kula na kusifu chakula. Tulimzika Kaoze. Siku ya kumaliza matanga wosia ulisomwa mbele ya ukoo, na mapema siku hiyo kila mtu alikwisha kujua chake. Loth na Gaudensi waligombana kidogo, hilo sitalificha. Walikuwa wamekaa na akina mama waliokuwa wakisugua sufuria, wakibishana ni nani kati yao aliyeiharibu redio ya mzee walipokuwa wadogo, kila mmoja akimwonyesha mwenzake kidole na kucheka na kufuta macho kwa mkono wa shati, na walikuwa bado hawajakubaliana sufuria ya mwisho ilipofunikwa juani ikauke.