Seli Zisizo na Haraka

Kosa lilikuwa la dada mtu, na alilijua. Kwa miaka kumi na minne alikuwa amekaa mbele ya hadubini ya maabara ya hospitali, akisoma vinyama vilivyokatwa kwa wagonjwa ili vipimwe. Kilipofika kinyama cha uvimbe wa shingoni mwa kaka yake, furaha ikamtangulia akili. Aliona seli chache tu zilizoshika rangi ya kahawia, ile inayoonyesha seli zinazogawanyika. Akakimbilia simu.

"Kaka, saratani ipo, sikufichi. Lakini inagawanyika polepole mno!"

Kumwambia fundi cherehani kama yeye "polepole" ni kumpa ruhusa ya kuchelewa. Kaka, ambaye hajawahi kumrudisha mteja, akaahirisha upasuaji miezi mitatu ili amalize sare za shule nzima. "Si umesema mwenyewe haina haraka?"

Wiki moja baadaye dada akakirudia kioo chenye kile kinyama, safari hii akikagua ukingoni. Zile zisizoshika rangi, alizodhani zimelala, ndizo zilizokuwa zimetoka nje ya uvimbe, moja moja, zikijipenyeza kwenye nyama nzima. Wenzao wa katikati walishughulika kuzaana. Hizi zilikuwa safarini.

Kumpigia simu tena kusingefaa. Kaka huyu maneno humwingia sikio hili yakatokea lile, lakini macho yake huyaamini. Akamwita maabara.

"Kumbe ndiyo duka lako hili?" kaka alitania mlangoni. "Mbona halina hata kiti cha mteja?"

Akamkalisha kwenye kiti chake mwenyewe. "Tazama hapa, kaka. Nilikosea, naomba unisamehe."

Kaka akainama kwenye lenzi. Utani ukamwisha.

"Hapa pindo limefumuka," alisema.

"Ehe."

"Na nyuzi hizi zilizochomoka nje, ndizo zile za polepole?"

"Ndizo. Simba mwenda pole, kaka."

"Ndiye mla nyama," akamalizia taratibu. "Pindo likifumuka hivi, hukati kwenye alama. Unakata mbali, kwenye kitambaa kizima."

"Daktari naye atakata hivyo. Ila umpe nafasi sasa, siyo baada ya sare." Kaka huyu ndiye aliyemshonea kila nguo aliyosomea, na dada alimpenda kupita kiasi. Akaangua kilio mbele ya wenzake wote wa maabara.

"Basi, mdogo wangu, basi." Kaka akamfuta machozi kwa mkono wa koti jeupe la kazi alilovaa dada. "Na koti hili nani kakushonea? Bega moja limepanda mlima."

Kisha akatoa simu.

"Mwalimu mkuu? Ni mimi, fundi wako. Vitambaa nimeshavikata, njoo uvichukue umpelekee fundi mwingine. Mimi naingia hospitali... Hapana, mwalimu, sisubiri. Nataka kupona. Kuna koti la mdogo wangu lazima nilishone."