Anajitahidi

Nikikwambia kwamba Bi Klaiber alimtukana Ilda utanishangaa, kwa sababu neno lenyewe ukilisikia ni tamu. Alisema anajitahidi. Basi, hakuongeza. Lakini mimi ni Mjerumani, nimezaliwa hapahapa Balingen, na neno hilo nalijua lina meno. Kwetu kazi ikiwa safi kabisa, watu wanasema hakuna la kusema, kisha kweli wananyamaza. Ikipungua kidogo wanasema si mbaya. Mtu akishindwa, tena akashindwa huku jasho linamtoka, ndipo tunasema maskini, anajitahidi.

Tatizo lilikuwa ngazi. Katika jengo letu kila mpangaji ana wiki yake: kibao kinatundikwa mlangoni kwako, na kabla ya Jumamosi kwisha uwe umefagia ngazi, umepiga deki na kufuta vumbi hadi mlango wa mbele. Ilda, Mreno anayekaa juu kabisa chini ya paa, alikuwa akiifanya kazi hiyo kwa moyo wote. Anaimba, anamwaga maji, povu linashuka ngazi kabla yake. Ila zulia la mlangoni halinyanyui, analizunguka tu, na kona anaziacha na vumbi lake. Bi Klaiber wa chini alikuwa akitoka baadaye anazikagua kona hizo kwa kidole, na kidole anakitazama muda mrefu.

Sasa nyumba ya chini, inayotazamana na ya Bi Klaiber, ikabaki wazi. Ilda aliitaka mpaka akawa halali usiku. Mama yake alikuwa peke yake Ureno, magoti yamekwisha, na ngazi zetu asingeziweza hata kwa kubebwa. Asipopata nyumba ile, mama anaingia kwenye makao ya wazee hukohuko, katika mji wa mbali ambao hana hata mtu wa kumsalimia. Mwenye jengo, Bwana Rapp, alikuja mwenyewe kuamua, na Rapp huyu hajawahi kumpa mtu nyumba bila kumuuliza Bi Klaiber. Alimuuliza palepale ukumbini. Mimi nilikuwa naingia na mfuko wa viazi, Ilda yuko juu ya ngazi na kapu lake la nguo.

Akauliza yule wa juu yukoje. Bi Klaiber akatazama ngazi, akatazama kona.

"Anajitahidi," akasema.

Rapp akatikisa kichwa taratibu, kama mtu aliyepewa habari ya msiba, akaaga. Ilda yeye akashuka mbio, uso unang'aa, na jioni ile akaoka vile vikeki vyao vya mayai na maziwa, akampelekea Bi Klaiber sahani nzima. Vilivyobaki akaniletea mimi.

"Dada Hedi, umesikia mwenyewe? Mama Klaiber amenisifu mbele ya mwenye nyumba."

Ningefanya nini? Ningemwacha aanze kumfungashia mama yake mizigo? Nikamketisha nikamweleza. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akaniambia kwamba kwao ukisema mtu anajitahidi, maana yake umeliona jasho lake na umeliheshimu. Nikamwambia hapa jasho hatuliangalii, mwenzangu, tunaangalia kona. Hapo akalia, na alivyolia bila sauti hasira ikanipanda, nikateremka kwa Bi Klaiber hata viatu sijabadilisha.

Nilimkuta jikoni na sahani mbele yake, imebaki makombo. Nikamuuliza kama anajua amefanya nini. Akanijibu kwamba amesema kweli, mtu anayemwaga maji kama anaogesha ng'ombe asitegemee yeye adanganye, na kwamba asifikirie atamlainisha kwa hongo ya keki.

"Hongo gani?" nikamwambia. "Amekushukuru. Anadhani umemsifu."

Bi Klaiber akakiweka kikombe chini.

"Amenishukuru kwa neno lile?"

Nikamwambia ndiyo, kwa neno lilelile, na kwamba mama wa watu anakwenda kufia ugenini kwa sababu yake. Akawa mwekundu mpaka shingoni. Aliinuka kwa kushika meza, akaenda kwenye simu, akampigia Rapp. Rapp ana masikio mazito na huongea kwa kelele, kwa hiyo niliwasikia wote wawili.

Akamwambia lile neno alilosema juu ya yule wa juu analirudisha. Rapp akauliza, kwa hiyo hajitahidi? Nilimwona Bi Klaiber akitafuta neno lingine na halipati. Sifa hazijawahi kupita katika mdomo ule. Hata juu ya marehemu mumewe Erwin, siku ya kumzika, alisema tu kwamba hakuwa mtu wa kusumbua.

"Rapp, nisikilize," akasema mwishowe. "Zamu yangu iliyopita, kona sikufagia. Na ile ya kabla yake. Nikiinama siinuki. Umeelewa? Na mimi siku hizi najitahidi tu. Kama mtu ananyimwa nyumba kwa hilo, basi nitafutie na mimi pa kwenda."

Mimi nikakaa kwenye kiti bila kukaribishwa. Vumbi la zamu zile nilikuwa nimeliona, na nilimsingizia paka wa jirani. Isingenijia kichwani kwamba ni la Bi Klaiber, yeye aliyetufundisha sote kufagia kwa kutugombeza.

Kwa sauti ambayo kwake ni ya chini, Rapp akasema mama wa Ilda anaweza kuingia mwanzo wa mwezi. Bi Klaiber akarudisha simu mahali pake, akabaki amenipa mgongo, mkono bado juu ya simu. Miaka yote ile ya kuishi juu yake sijawahi kumshika hata mkono, na siku ile pia sikuthubutu. Wiki hiyo zamu ilikuwa yake. Nikachukua fagio nyuma ya mlango, nikatoka ukumbini, nikanyanyua zulia, nikaanza na kona. Alikuja kusimama mlangoni akanitazama mpaka nikamaliza, na kwa mara ya kwanza hakunionyesha nilipoacha.