Udi Kwenye Malalo ya Pongo

Watu wa Bunju mpaka leo wanasema udi wangu ndio uliomkimbiza pongo. Na waseme! Mie Zuena binti Kondo nilimfukizia mwanangu nguo kama mama yeyote mwenye adabu, maana mtoto hapelekwi mbele ya mkwe akinuka jasho. Hata kesho nitamfukizia.

Ilikuwa miaka ile ya vijiji vya ujamaa. Tulikuwa na shamba la kunde la pamoja, na kila asubuhi tunalikuta limeliwa. Mwenyekiti wetu, Mzee Mwinshehe, akatangaza kwamba ni hujuma ya mabepari. Bepari mwenyewe kumbe ana pembe na kwato: pongo dume, usiku anakula jasho letu, mchana amejilaza kichakani kule bondeni, hana habari na mtu.

Mwinshehe alikuwa na gobore na mdomo, na mdomo ndio uliokuwa unalenga vizuri zaidi. Alikuwa pia na binti, Tunu, na mwanangu Fakihi alikuwa hali halali kwa ajili ya Tunu. Lakini Mwinshehe alimtaka Sadallah, msimamizi wa duka la ushirika. Dukani kwa Sadallah sukari ilikuwa haionekani, ila chai ya nyumbani kwake ilikuwa tamu siku zote. Fakihi wangu alikuwa kibarua wa kiwanda cha nguo, tena mtu wa kuja, kwetu Lindi. Mara mbili nilipeleka posa, mara mbili nikarudishwa na maneno ya kejeli.

Basi siku moja kwenye mkutano wa kijiji Mwinshehe akapandwa na mori. "Ndugu wananchi! Atakayemtia mkononi pongo yule, posa yake nimeikubali hapo hapo. Mbele yenu nyote, sirudi nyuma!"

Watu wakapiga makofi, Fakihi wangu akainua mkono kwamba atakwenda. Sadallah akasema goti linamuuma, hawezi kwenda porini, lakini Fakihi akirudi mikono mitupu, yeye jioni hiyo hiyo analeta wazee wake. Mwinshehe akaitikia kwa kichwa. Roho yangu ikanipasuka, maana mwanangu hajawahi kuwinda hata panya.

Jumamosi asubuhi wakaondoka wawili, Mwinshehe na Fakihi. Mzee hakuoga, kajipaka tope na majani mabichi mwili mzima. Akamwambia Fakihi, "Pongo akilala, pua yake hailali. Tutamwendea upepo ukitupiga usoni, tukae karibu na malalo yake, tungoje anyanyuke kujinyoosha. Ukikohoa, umekosa mke." Na udi wote ule uliokuwa kwenye shati la Fakihi hakuusikia, kwa sababu pua zake zilikuwa zimejaa ugoro toka enzi za Mwingereza.

Sie wanawake tuliamriwa tungoje shambani na makapu ya kubebea nyama na panga la kuikatia. Ukingoni mwa shamba, upande wa bondeni, tulikuwa tumetundika nyavu chakavu za wavuvi ili kuzuia nguruwe. Tukakaa pale, Tunu karibu yangu, anachuma kunde kwa hasira.

Fakihi alinihadithia baadaye. Walifika, wakaona majani yaliyolaliwa, na pongo mwenyewe kajikunja chini ya mti wa miiba, anacheua. Mzee akainua gobore taratibu. Hapo upepo wa bahari ukaamka, ukawapitia mgongoni, ukambebea pongo udi wangu wa Unguja. Lo! Mnyama akabweka. Pongo hubweka, msinicheke. Akaruka, gobore likalia, risasi ikaua tope.

Sie tulisikia mlio, halafu vichaka vinavunjika, halafu huyo! Katoka mbio, kajibwaga wavuni, pembe zikanasa. Wanawake wakatupa makapu na kukimbia. Tunu hakukimbia.

"Mama Fakihi, mkalie!" akapiga kelele.

Nikamkalia kiunoni, kwa uzito huu Mungu alionijaalia. Tunu akamkamata pembe, akamgeuza kibla, akashika panga. "Bismillahi, Allahu Akbar." Akakata koo.

Wanaume wa kijiji wakaja mbio kwa mlio wa gobore, Mwinshehe naye akatokea anahema, tope limemkauka usoni, Fakihi nyuma yake kainamisha kichwa. "Nani kachinja?"

"Mie, baba."

"Mwanamke hachinji! Nyama hii haramu!"

Mwalimu Salumu wa madrasa, ambaye alikuwa hajaonja nyama toka Idi, akasogea upesi sana. "Mwenyekiti, sheria haikukataza. Katamka jina la Mungu, kakata panapokatwa. Halali."

"Vyema," akasema Sadallah, goti lake limepona ghafla. "Lakini Fakihi hakumleta. Karudi mikono mitupu, kila mtu kaona. Jioni nakuja na wazee."

Machozi yakanilenga, sioni haya kusema. Nilimwona mwanangu anageuka aondoke zake. Tunu akafuta panga kwenye majani ya kunde, akasimama mbele ya baba yake, damu mpaka viwikoni.

"Baba, ulisema atakayemtia pongo mkononi, posa yake umeikubali. Ulisema mwanamume?"

Mwinshehe akatazama watu. Watu wakamtazama yeye. "Sikusema," akajibu kwa sauti ndogo.

"Basi kaingia mkononi mwangu. Na mie naposa. Namposa Fakihi."

Mtume! Wanawake waliokuwa wamekimbia wakarudi na vigelegele. Sadallah akashika tena goti lake. Mwinshehe akafungua mdomo wake ule mkubwa, mara ya kwanza nikaona hauna kitu ndani.

Fakihi akasimama pale ananukia, ananitazama mie mama yake kama anaomba ruhusa.

"Unanitazamia nini?" nikamwambia. "Mjibu mwenzio. Umeposwa."