Kidole cha Isurugi

Kijicho kilimkaa Isurugi kooni kama mwiba wa samaki tangu majina ya madereva yalipobandikwa ukutani. Reli ya kutoka mji wa Toyama kwenda bandarini, aliyoendesha treni zake tangu ujana, ilikuwa imefungwa, na sasa inafunguliwa upya kuwa njia ya tramu, treni ndogo za barabarani. Dereva wa tramu ya kwanza si yeye. Ni Hamatani, binti ambaye yeye mwenyewe alimfundisha kushika breki.

Isurugi alianguka mtihani wa tramu. Treni huondoka kwa taa ya kijani. Tramu ikishaingia barabarani, kijani ni ya magari, yenyewe husubiri mshale wa njano. Yeye aliona kijani akaondoka, nusura agongane na basi.

Siku ya ufunguzi akapanda, akasimama nyuma ya kiti cha dereva, boksi la wali wa samaki kwapani. Alitaka jambo moja tu: Hamatani akosee, naye awepo.

"Mwalimu, umekuja."

"Nimekuja kuona tramu. Wewe nimeshakuchoka."

Hamatani akacheka. Isurugi akazidi kuchukia. Hata zile glavu nyeupe zilimkaa vizuri.

Kila taa binti aliinyooshea kidole na kuitaja kwa sauti, kama wafanyavyo madereva wote wa reli. Kisha reli ikakata kona kuingia barabarani. Taa ya magari ikawa kijani.

"Kijani, twende," Hamatani akasema, na mkono wake ukaanza kusukuma wenzo wa mwendo.

Furaha ikampanda Isurugi. Nyamaza, akajiambia. Nyamaza tu.

Lakini kidole chake kilikwisha kunyooka juu ya bega la binti, kikielekea taa ya tramu, nayo ilikuwa nyekundu. "Bado," mdomo wake ukasema.

Hamatani akabana breki. Lori likapita mbele yao. Baadaye mshale ukawaka.

Bandarini watu walimpigia binti makofi, wakampa maua. Akawaacha, akamfuata Isurugi.

"Mwalimu, umeniokoa."

"Usinishukuru. Nilitaka ukosee."

"Najua. Nilikuona kwenye kioo, umekenua meno. Ndiyo maana kile kidole kilinishangaza."

Hamu ya wali ilishamwisha Isurugi, akamsukumia boksi mikononi, akaenda zake, mkono mfukoni, amekifumbata kidole kile kama mtu aliyemkamata mwizi wake.