Ramani Iliyofutwa

Masikio ya Rubab, mjane wa muuza vitambaa, yalikuwa hayana mfano Morogoro nzima. Inasemekana aliwahi kusikia mkasi wa fundi cherehani, mtaa wa tatu kutoka dukani kwake, ukikata kitambaa pungufu ya kipimo, akatoka na rula yake mkononi kwenda kugomba. Anayebisha akawaulize mafundi wenyewe.

Basi mlio wa ndege ya mwanawe angeuchagua kati ya ndege mia. Riyaz alikuwa rubani wa kandege ka injini moja, anapeleka watalii kwenye kambi za kusini na mara nyingi anarudi bila abiria. Kila akirudi, kabla hajatua, alipita juu ya duka na kuungurumisha injini mara mbili. Ya kwanza, mama anabandika chai. Ya pili, anatia tangawizi.

Juma lile Rubab alikuwa na harusi kichwani. Binti wa dada yake ameolewa ng'ambo, na video zinaingia kama mvua ya masika. Kioo cha simu yake kilikuwa kidogo, bibi harusi anaonekana kama sisimizi aliyevaa dhahabu. Kwa hiyo usiku ule Riyaz alipolala nyumbani, mama akaazima kishikwambi chake.

Kishikwambi hicho ndicho Riyaz alichokifunga pajani kila akiruka. Ramani zote zilikuwa humo, kila kilima na urefu wake, na katikati kijidege cha buluu kinachomwonyesha alipo. Chombo cha zamani cha kuonyesha njia, cha kwenye dashibodi, kilikuwa kimekufa siku nyingi. Mwenye ndege alisema atakitengeneza kesho, na kesho yake ilikwisha kuota mvi.

Bibi harusi hajaingia ukumbini, kishikwambi kikagoma: nafasi imejaa. Rubab akamwita Twalibu, fundi simu aliyepanga kibaraza cha duka lake.

"Shikamoo, mama. Humu kuna dubwana moja limemeza nafasi yote. Limeandikwa ramani."

"Ramani ya nini? Yule kazaliwa hapa hapa, anga hili analijua kama njia ya msikitini."

"Nifute?"

"Futa, baba. Bibi harusi ananisubiri."

Asubuhi Riyaz alikichukua mbiombio, kipande cha mkate mdomoni. Kilipowaka, kijidege kikaonekana, akaridhika. Mbingu ilikuwa nyeupe pee, Milima ya Uluguru imesimama kama imefuliwa na kuanikwa, na siku kama hiyo rubani hutazama dirishani, hatazami pajani. Rubab alifungua mdomo amwambie, akaufunga. Mara ya mwisho alipokipangusa kioo kile kwa mafuta ya nazi, kijana alinuna mpaka Ijumaa. Atamwambia jioni, akishashiba.

Alasiri wingu likashuka. Lilianza kileleni, likameza mashamba ya mboga, likaja mpaka mapaa ya Kilakala, pale mlima unapoanzia. Rubab alikuwa anakunja kitenge aliposikia mlio. Injini ilipita juu ya duka, ndani ya wingu, ikaenda, ikarudi. Haikuungurumishwa hata mara moja.

Twalibu akasimama kibarazani, uso juu. "Mama," alisema polepole, "lile dubwana la jana, Riyaz hakuliweka tena?"

Rubab alikiangusha kitenge. Alipiga simu, na kwa kuwa ndege ilikuwa chini chini, ikashika. Riyaz alikuwa ameichomeka simu ndani ya visikizio vyake vya masikioni.

"Mama, mnanisikia hapo chini?"

"Tunakusikia, mwanangu. Uko juu yetu kabisa."

"Alhamdulillahi. Sikiliza, nje sioni hata ubawa wangu. Na ramani imegoma, kioo cheupe kama sanda, kijidege kimekaa katikati kama nzi kwenye maziwa. Inatafuta tu. Nitazunguka hapa hapa mpaka irudi, ndipo nijue pa kushukia."

Hapo ndipo pa kusema. Neno lenyewe lilikuwa fupi: haitarudi. Lakini wateja wawili walikuwa wamesogea mlangoni, Twalibu anamkodolea macho, na aibu ikamzidi. Neno lingine likateleza badala yake.

"Umekula?"

Riyaz akacheka, kicheko kikavu. "Nitakula nikifika. Wewe umekula?"

"Nimekula wali kidogo. Na dada yako mkubwa kapiga, anakusalimia."

"Mama, mwambie!" Twalibu alinong'ona.

"Nyamaza wewe!"

Mlio ukazunguka. Upepo ulikuwa unavuma kuelekea mlimani, na masikio yale yaliyosikia mkasi yakasikia jambo ambalo Twalibu hakulisikia: duara lilikuwa linahama. Mzunguko mmoja ulipita nyuma ya duka. Uliofuata ulipita mbali zaidi. Kisha mlio ukatokea upande wa Kilakala, ukiwa na mwangwi. Mwangwi hautoki hewani. Lazima kuwe na jiwe la kuurudisha.

"Riyaz!" alipiga ukelele. "Hiyo ramani usiisubiri! Haitarudi! Niliifuta mimi jana, nipate kutazama harusi. Na upepo unakusukuma mlimani, baba, mimi nasikia. Toka huko!"



"Uliifuta," alisema Riyaz. Sauti haikuwa na ukali. "Sawa, mama. Basi nageuza kwenda kaskazini, kule ni tambarare. Bandika chai."

Rubab alikimbilia jikoni akiwa na simu sikioni. Kiberiti kiliwaka. Sufuria haijagusa jiko, mlio ukakatika, kwenye simu na angani kwa pamoja, kama redio iliyochomolewa.

Walimzika siku waliyomteremsha. Watu wa mlimani ndio waliomkuta, na mmoja wao, Hatibu, mkulima wa kabichi, alirudi baadaye kutoa pole yake. Akakalishwa dukani juu ya robota la khanga, kofia magotini. Alikuwa mtu mwema. Alikuwa ameteremka na neno la kumfariji mfiwa.

"Nataka ujue kitu, dada yangu. Ile ndege haikuwa inakimbilia mlimani. Tuliikuta pua yake inautazama mji. Mwanao alikwisha kugeuka, alikuwa anarudi nyumbani. Ubawa tu ndio ulioshika mti." Akanyoosha kiganja, akakiinamisha kidogo, kuonyesha. "Kidogo hivi tu, angepita."

Twalibu, kibarazani, aliinamisha kichwa juu ya simu aliyokuwa anaifungua.

Rubab alikitazama kile kiganja. Kisha, kama mwenye nyumba yeyote afanyavyo mgeni akitoka mbali, akafungua mdomo amkaribishe.

"Umekula?" alisema.

Alijisikia mwenyewe akilisema neno lile.